Barua ya Mzee Kornel

Mama wa steshenari pale karibu na stendi, Sumbawanga, hachapi barua ya Kiingereza kabla hajamweleza mwenyewe kwa Kifipa. Foleni ifike barabarani, shauri yenu. Kila baada ya aya husugua vidole kwenye sweta kwa baridi, kisha huuliza, “Ndivyo ulivyotaka kusema?” Juzi karani wa kampuni fulani alimleta mlinzi wao, mzee Kornel, achapiwe barua ya kustaafu aliyokwisha kuandikiwa. Mama akasoma, akasita.

“Mzee, hapa wameweka ‘resign’. Hiyo ni kuacha kazi kwa hiari yako, uondoke mikono mitupu. Kustaafu ni ‘retire’.”

Karani akacheka. “Mama, we chapa tu. Yote si kuondoka kazini? Ni yaleyale.”

“Kama ni yaleyale, naweka ‘retire’.” Vidole vikaanza. Karani akaurukia mkono wake, akaushika. Mzee Kornel, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, aliutazama mkono ule wa karani, kisha akaubandua kidole kimoja kimoja.

“Chapa, mwanangu,” akasema.