Wino wa Kashe kwenye Gauni la Komunyo

Juzi nilipita kando ya ziwa nikakuta mama mmoja akisugua shati lililoingia wino kwenye kola. Nilisimama kumtazama, ndugu yangu, mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Hapa Goma, miaka ile ya Wabelgiji, papa, baba yetu, alikuwa planton wa biro, yaani tarishi wa ofisi ya serikali. Alipeleka makaratasi huku na huku, na mengine aliyapiga kashe, ule muhuri wa ofisi. Wino wa kashe ulikuwa wa zambarau, nao haukumtoka vidoleni hata kwa sabuni ya kufulia.

Mwaka huo dada yangu alikuwa apokee Komunyo ya kwanza. Mama alimshonea gauni kwa shuka jeupe, akalipiga pasi ya makaa, akalitundika ukutani. Jumamosi papa alirudi kutoka kazini, akaliona, akafurahi. Akalishika mabegani ili alitazame vizuri. Alipoliachia, alama mbili za dole gumba zilibaki pale, mbichi.

Bibi yetu, mtu wa milima ya Masisi, alisema hakuna uchafu unaoshinda maziwa ya ng'ombe. Akaliloweka kwenye maziwa yaliyoganda, nyumba nzima ikanuka uchachu. Wino ulififia kidogo tu. Jirani akachungulia mlangoni.

"Mutoto wenu amekwisha kupigwa kashe," akasema. "Mumupeleke posta."

Tulicheka, hata dada. Papa hakucheka.

"Tuache ivi, mama," mama yangu akamwambia bibi. "Watu wataona ni maua."

"Maua gani? Mutoto anaenda kwa Mungu."

Bibi akachukua jiwe la lava, lile la kusugulia visigino, akasugua kwa nguvu zake zote. Wino ulitoka. Kitambaa nacho kilitoka.

Asubuhi, mlangoni mwa kanisa, mtawa aliyetufundisha katekisimu alitia kidole kwenye tundu moja, akakizungusha watoto wote waone. "Mwaka ujao," akasema, akafunga mlango. Dada alirudi nyumbani mbele yetu, mikono mabegani, akinuka maziwa.

Mwaka uliofuata alipokea, kwa gauni la kuazima. Misa ilipokwisha alimkimbilia papa. Papa akarudi nyuma, mikono mifukoni. "Simama hapo," akamwambia. "Nimekuona."

Leo papa hayupo, bibi hayupo, na pale ziwani tulipofulia pamejengwa. Watoto wangu huniuliza papa alikuwa mtu wa namna gani. Huwaambia kwamba zamani, akitoka kazini, alikuwa akiturusha juu mmoja mmoja. Siwaambii aliacha lini. Alipoacha, tulikuwa bado wepesi.