Msasa Nyuma ya Karakana

Kwa miaka minne nilifundisha sanaa na ufundi katika shule ya msingi karibu na Kegonga, na huko ndiko nilikojua kwamba msasa ni mti kabla ya kuwa karatasi. Shule haikuweza kununua karatasi za msasa. Mama mmoja aliyekuwa akisugua vibuyu vya maziwa sokoni alinipeleka kando ya kijito, akachuma jani, akalipitisha juu ya ukucha wangu. Ukucha ulibaki na mikwaruzo. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu walilainisha miiko na vigoda kwa majani.

Katikati ya miaka ya tisini nilihamishiwa shule moja upande wa Rodi Kopany. Nilikata vipande vinne vya matawi, vyenye unene wa kidole gumba, nikaviacha kivulini hadi utomvu ukauke, kisha nikavifunga ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Mume wangu alifanya kazi Nairobi. Mizigo yangu haikuwa mingi.

Huko udongo ulikuwa mweusi, ule unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Nilichagua mahali nyuma ya karakana, ambapo maji ya paa yalidondokea. Nilikuwa nachimba shimo la pili alipofika mlinzi wa shule, mzee mrefu asiyependa maneno mengi.

"Mwalimu, hiyo ni nini unapanda?"

"Msasa, Mzee. Majani yake yanasugua mbao."

Aliinua kipande kimoja, akakikwaruza, akakinusa. "Hii ni ndugu ya ng'owo," akasema, akimaanisha mkuyu. "Mwanamke hapandi hii. Ok ber, si vizuri. Mwenye boma anaweza kufa."

"Hapa si boma, Mzee. Ni shule."

"Na bwana yako ako wapi?"

"Nairobi."

"Basi wacha."

Sikuyaamini mambo hayo, lakini pia sikutaka kugombana na mtu katika wiki yangu ya kwanza. Nikampa jembe. Akavipanda vyote vinne, akashindilia udongo kwa kisigino, nami nikasimama kando nikimwelekeza. Nilidhani yameisha.

Vitatu vilikauka. Cha nne kilichipua baada ya mwezi na zaidi. Mzee alikizungushia matawi ya miiba kwa sababu ya mbuzi, na kila jioni alikimwagia maji yaliyooshewa vikombe vya walimu. Kiangazi kilipoingia aliweka nyasi kavu shinani. Siku moja nilikuja na kisu kupunguza machipukizi ya pembeni ili shina liwe moja, akakichukua kisu mkononi mwangu na kufanya kazi hiyo mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa naomba ruhusa ya kuchuma.

"Unataka ngapi?"

"Thelathini."

"Kumi. Na ya chini tu. Ya juu bado ni watoto."

Alikuwa sahihi. Jani changa huraruka kabla mbao haijalainika.

Mwaka wa tatu tulipata habari kwamba mkaguzi wa elimu angefika baada ya siku mbili kutazama kazi za darasa la nane. Vigoda vyote vilikuwa bado na makovu ya patasi. Mzee alikuwa amekwenda matangani Homa Bay. Nikachukua kikapu. Nilianza na majani ya chini, nikaendelea na ya katikati, mwishowe nikavuta matawi ya juu. Mkaguzi alipitisha kiganja juu ya kigoda kimoja, akaandika kitu, akaenda kunywa chai.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya mti kwa muda mrefu. Hakunifokea. Aliacha tu kunisalimia, na akaacha kumwagilia. Nilimwagilia mimi, nilipokumbuka. Januari matawi mawili yalikauka hadi ncha.

Mwezi uliofuata nilimfuata nyumbani kwake na sukari na majani ya chai. Mkewe alinikaribisha. Mzee alikuwa ameketi akitengeneza mpini wa jembe.

"Mzee, nilikosea," nikasema.

"Ulinyonyoa hiyo mti kama kuku."

"Mkaguzi alikuwa anakuja."

"Mkaguzi alikula majani?"

Mkewe alicheka. Mimi sikucheka. Mzee aliweka mpini chini. "Ungeningoja hata siku moja tu. Mimi ndiye nilipanda."

"Ndiyo," nikasema. "Ni wewe ulipanda."

Ilinichukua muda kulitamka hilo, maana hadi siku ile nilikuwa nauhesabu mti kuwa wangu. Kesho yake nilikuta udongo wa shinani umelowa. Mvua za masika ziliponyesha, mti ulichipua upya.

Baadaye kamati ya wazazi iliamua kuongeza madarasa, na kamba za fundi za kupimia msingi zikapita pale pale uliposimama msasa. Asubuhi ya kuchimba msingi, Mzee aliketi shinani na panga lake la kufyekea nyasi magotini, akamsalimia kila aliyepita kwa adabu. Fundi alimtazama, akamtazama mwalimu mkuu, kisha akasogeza kamba hatua tatu. Wakati huo mti ulikuwa umeipita karakana kwa urefu, na akina mama wa jirani walikuja kuomba majani ya kusugulia sufuria. Walimwomba yeye. Nilipita hapo na madaftari yangu, nikawasalimu, nikaingia darasani.

Mwishoni mwa muongo nilihamishiwa Migori. Mzee alinibebea sanduku hadi barabarani. Njiani tulizungumza juu ya mahindi yaliyoliwa na viwavi na juu ya goti lake lililokuwa likimsumbua. Gari lilipoonekana kwa mbali aliniuliza kama huko niendako kuna maji ya bomba.

"Nimeambiwa yapo," nikasema.

"Hiyo ni sawa," akasema. Alinipa mkono, akageuka, akarudi shuleni.