Friji Lililovishwa Kitenge

Jumamosi, tarehe 7 Februari 2026. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna hata wa kutikisa pazia.

Siku hiyo mkataba wa Elibariki, karani wa ghala moja Mikocheni, ulikuwa unaisha, na Mzee Khalfani, mwenye nyumba aliyopanga Mtoni, alikuwa anakuja kutoka kwake Madale. Wapangaji walimjua: hapandishi kodi kwa kusikia bei za mtaani, hupandisha kwa macho. Jamali wa chumba cha mbele alinunua sofa. Kodi ikapanda kutoka laki moja hadi laki na thelathini kabla sofa lenyewe halijavuliwa nailoni.

Elibariki hakutaka yamkute hayo. Alichomoa friji, akalivisha kitenge, juu yake akaweka Biblia na sufuria lililotoboka. Televisheni na feni vikaingia uvunguni. Mkewe, Loveness, akaambiwa avae gauni la kufulia.

"Baba Gibson, na samaki waliomo humo?"

"Wavumilie kama sie."

Mzee akaingia. Shikamoo, marahaba. Akaketi kwenye kigoda, macho yakazunguka chumba kizima, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, hata feni huna?"

"Hali ngumu, Mzee," akajibu Elibariki kwa sauti ya mgonjwa. "Hata chai siku hizi tunakunywa kavu."

Moyoni alijiona mjanja kuliko Mtoni nzima. Mzee akamshika bega.

"Nimekuonea huruma. Kodi sikupandishii. Tafuta chumba cha hadhi yako, nakupa mwezi mmoja. Hapa nataka ya miezi sita kwa mkupuo, wewe utaitoa wapi? Kuna binti wa benki ana friji, ana makochi, anatoa laki na hamsini bila kupepesa."

"Lakini Mzee, hela ninayo!"

"Usijikaze, mwanangu. Umaskini si dhambi."

Mzee alipotoka, Loveness alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Ulitaka uonekane fukara. Haya, umeonekana!"

Kesho yake Elibariki hakwenda kanisani. Alikodi kirikuu, akapakia friji, televisheni na feni, akapanda nyuma kavaa suti ya harusi yake. Akaenda hivyo hivyo hadi Madale, akagonga geti la Mzee Khalfani, mkononi kashika kodi ya miezi sita, kwa bei ya binti wa benki.