Zamu ya Mama Mlangoni mwa Darasa

Juzi nilipita kwenye shule moja ya Mususa, mtaa wa mji wa Butembo, wakati wa mkutano wa wazazi. Mama mmoja alikuwa akimenya maharagwe mabichi, na harufu ya maharagwe hayo ikanirudisha utotoni, wakati wa vita.

Alasiri moja mama yangu na wenzake watatu waliketi mlangoni mwa darasa letu, maharagwe mapajani. Nilidhani amekuja kwa sababu ya utundu wangu, nikaona haya.

Askari wawili walifika, wakataka wavulana wakubwa wawabebee mizigo.

"Batoto banasoma," mama alisema bila kusimama. "Mutapita juu yetu?"

Wakasita, kisha wakaondoka.

Njiani kurudi nyumbani, nisitake wenzangu wamwone tena pale, nilimwambia, "Mama, kesho usikuye."

"Kesho ni zamu ya Mama Kavira na wenzake kuketi pale," alijibu.

Aliubana mkono wangu kwa nguvu mpaka nyumbani. Nikadhani ni baridi ya Butembo.