Yowe Ambalo Kaka Hakulipiga

Mwaka wa 1964, nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, baba yangu alianguka kutoka juu ya mnazi akafa. Dhiki ilianzia hapo, nami naanzia hapo hapo. Yaliyotangulia ni mambo ya utoto, hayamfai msomaji.

Baba alikuwa mkwezi, huku kwetu upande wa Kinondo. Alituachia shamba la minazi ambalo likitunzwa lilitosha kumlisha mama na dada zangu wadogo. Tulikuwa wanaume wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Kaka alifika darasa la sita. Mimi niliishia la pili, nikijua kuandika jina langu na kusoma kibao cha duka kwa taabu. Tukagawana kazi bila kuulizana. Yeye akaenda kuosha vyombo katika hoteli moja ya Diani, mimi nikachukua kamba ya miguu ya baba nikaanza kukwea. Kamba ile ile aliyoanguka nayo. Watu walisema niitupe. Kamba haikumuua baba, mvua ndiyo iliyomuua, shina lililoa. Sikuitupa.

Nazi nyingine tuliuza mbichi, nyingine tukazikausha mbata kwenye tanuri letu, moto wa vifuu chini, nazi juu ya chanja. Kazi ya tanuri ni kukaa na kungoja. Kaka akipata siku ya mapumziko alikuja kukaa nasi pale, wakwezi wa jirani nao wakaja, na yeye akatusomea vitabu.

Vilikuwa vijitabu vyembamba vya karatasi mbaya, alivinunua Likoni kwenye feri. Kila kimoja kilikuwa na picha ya mtu mmoja kwenye jalada: koti refu, kofia imefunika macho, bastola mkononi, nyuma yake mji unawaka. Genge la wahalifu lilimchomea duka, naye akaapa kuwamaliza wote, peke yake, bila askari, bila ndugu, bila rafiki. Kitabu kikiisha, wabaya wamelala chini, yeye anaondoka zake na mvua inanyesha. Kitabu cha pili genge jingine. Na cha tatu vivyo hivyo.

"Akafyatua risasi sita," kaka alisoma, "majambazi saba wakaanguka."

"Ngoja, ngoja," akasema mzee mmoja mkwezi, mtu wa mzaha, meno yake ya mbele yalikwisha kwa miwa. "Wa saba alikufa kwa nini?"

"Kwa aibu!" mwingine akadakia, na tanuri zima likacheka.

"Na huyo bwana anakula wapi? Nani anampikia?"

"Hakutajwa, mzee."

"Hana mama? Hana shangazi? Akifa atazikwa na nani?"

"Hafi huyu."

"Basi si mtu huyo, mwanangu. Ni jini. Soma tu, lakini usituambie ni mtu."

Kaka hakucheka. Alikuwa akivipenda vile vitabu kwa namna ambayo sikuielewa. Kule hotelini aliitwa kwa kupigiwa vidole siku nzima, nadhani ilikuwa hiyo. Mtu anayepigiwa vidole hupenda kusoma habari za mtu asiyeitwa na yeyote.

Sasa niwaeleze jambo la kuti, kwa sababu vijana wa leo hawalijui. Huku kwetu mwenye minazi akiogopa wezi, alifunga kuti kuzunguka shina, na ndani ya fundo akatia fingo, yaani dawa ya mganga ya kulinda mali. Kuti likishafungwa, asikwee mtu isipokuwa mwenyewe. Akikwea mwingine tumbo litamvimba, au ataanguka. Hakuna aliyejaribu. Kuti moja kavu lilifanya kazi ya mbwa kumi.

Mwaka wa tatu wa uhuru wakaja watu wa lori. Kiongozi wao alivaa koti la kaki na buti, hakuwa mtu wa kijiji chetu. Walisema wanatulinda na wezi wa nazi. Wezi hatukuwa nao mpaka walipokuja wao. Ujanja wao ulikuwa huu: walifunga makuti yao wenyewe kwenye minazi yetu. Unaamka asubuhi unakuta safu nzima ya shamba lako imefungwa, fundo limevimba kwa dawa usiyoijua, na wewe mwenye shamba unaogopa kukwea mnazi uliopandwa na babu yako. Baada ya siku chache lori linakuja na wakwezi wa mbali, wanaangua, wanapakia, wanakwenda. Anayetaka kufunguliwa makuti awape nusu ya nazi kila mavuno. Aliyebisha alipigwa. Tulikwenda kushtaki, tukaambiwa tulete mashahidi, na shahidi hakupatikana. Ndivyo walivyokula mashamba kutoka Galu hadi kwetu, na panga hawakulichomoa mara nyingi. Tulijizuia wenyewe.

Walipofunga yetu, safu tatu zilizo karibu na nyumba zilibaki huru. Mama aliangalia zile safu tatu akasema, "Hizi hazitoshi unga wa mwezi." Ikiwa yale makuti yangebaki, shamba lingekwenda, na dada zangu wangekwenda kufanya kazi majumbani mwa watu.

Nilimtumia kaka habari. Akaja siku ile ile, kaacha kazi.

Nikamwambia, "Kaka, twende kwa wazee wa minazi wote, tukae, tukubaliane."

"Wazee watazungumza mpaka nazi ziote."

"Basi twende wawili. Mimi nashika panga, nawe panga."

Akanitazama kama ananihurumia. "Mdogo wangu, kazi hii ni ya mtu mmoja. Wakiwa wawili, mmoja atasaliti."

"Nani kakwambia?"

Nilijua nani kamwambia. Alikuwa na koti, la mzungu mmoja aliyeliacha hotelini, refu mpaka magotini. Joto la Kwale, na mtu kavaa koti.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, aliingia shambani akakata makuti yote, mnazi baada ya mnazi, mbele ya macho ya watu. Alikata ya kwetu, akavuka akakata ya majirani bila kuwaomba. Alidhani watashangilia. Watu walirudi nyuma. Mama mmoja alifunika uso wa mtoto wake. Jirani aliyekatiwa makuti akamwambia, "Umefungua fingo la watu ndani ya shamba langu. Likimpata mwanangu, nitakudai wewe." Kaka akatabasamu upande mmoja wa mdomo, kama picha ya jalada, akaondoka zake peke yake.

Siku zilizofuata hakuna aliyekaa naye. Salamu walimpa, maana salamu hainyimwi, lakini walimpa wakiwa wanatembea. Hata tanurini wakwezi hawakuja. Nilimwambia aache koti, aende akawaombe radhi wale majirani, wawe upande wake. Akasema, "Watanielewa baadaye."

Sasa la pili la kueleza, na hili ndilo kubwa. Kwetu kuna yowe. Ukipatwa na jambo, mwizi, moto, nyoka, unapiga yowe, na kila anayelisikia hutoka na alichonacho mkononi. Hakuna kuuliza kama mnapatana. Hata adui yako hutoka. Asiyetoka, msiba wake hauhudhuriwi, maiti yake itazikwa na watoto wake tu. Sheria hii ilikuwa na nguvu kuliko fingo, na watu wa lori waliijua. Ndiyo maana walikuwa wepesi, wanapiga na kuondoka.

Walimkuta kaka asubuhi, jua limekwisha panda, kwenye njia iliyo nyuma ya nyumba za watu. Wanawake walikuwa wanatwanga. Mimi nilikuwa nimepeleka mbata kule Waa. Walikuwa watu wanne na marungu. Kutoka pale hadi ua wa bibi jirani yetu ni mwendo wa kurusha jiwe. Yowe moja tu, hata la nusu pumzi, lingemtoa kila mtu.

Hakupiga. Alipigana. Yule wa kitabuni hapigi yowe.

Bibi jirani alisikia vishindo, akadhani kuna mwenzake anatwanga. Alipotoka kumwaga pumba aliwaona watu wakiondoka wanafuta mikono kwa majani, na kaka chini, koti limemzonga miguuni. Hata kukimbia lilimzuia.

Niliporudi alikuwa kitandani kwa mama. Kichwa kilikuwa laini mahali kisipotakiwa kuwa laini. Nikamwuliza, "Kwa nini hukupiga yowe?"

Akasema, "Nilidhani nitawaweza."

Alikufa kesho yake alasiri. Bibi jirani alikaa matangani siku zote, na kila mara alirudia maneno yale yale: "Ningesikia yowe, ningetoka na mchi wangu. Wallahi ningetoka na mchi wangu." Walikuja watu wengi kumzika, wengi kuliko waliompa salamu. Sikuwashukuru.

Tanga halijaondolewa vizuri, makuti yakarudi. Safari hii walifunga hata zile safu tatu za karibu na nyumba. Nilikaa nikayatazama. Nilijua siku ya lori.

Lilipokuja niliwaacha washuke. Kisha nikavaa kamba ya baba miguuni nikaukwea mnazi mrefu kuliko yote, nikapita juu ya kuti lao. Msiniambie leo kwamba fingo ni upuuzi. Niliogopa lile fundo kuliko marungu. Nilipolivuka ngozi ya tumbo iliniwaka, nikasema basi, kama ni kufa nife juu. Sikufa. Nilifika kileleni, nikashika kole la nazi, nikajaza kifua, nikapiga yowe.

Yowe linalopigwa chini husikika hapa na pale. La juu ya mnazi lilifika mbali. Nikapiga la pili, la tatu.

"Shuka, mbwa wewe!" mwenye koti la kaki akanifokea.

"Panda unishushe!" Nikamwangushia nazi. Ilimkosa kidogo tu.

Bibi jirani alifika wa kwanza, na mchi wake, mzee vile, anakimbia. Kisha majembe, mapanga, vifuo vyenye ncha vya kufulia nazi, mwingine kaja na upawa wa wali. Yule jirani aliyemkasirikia kaka alikuja pia. Watu wa lori wakawa katikati.

Mzee wa mzaha, yule wa tanurini, akauliza, "Kuna nini?"

"Mwizi!" nikajibu kutoka juu.

"Mwizi ni yeye," mwenye koti la kaki akasema. "Minazi hii ina kuti letu. Tazameni wenyewe."

Mzee akalitazama kuti. Akanitazama mimi juu. Akajikuna kidevu.

"Kuti ni lako?"

"Langu."

"Fingo lako?"

"Langu."

"Huyu yuko juu yake, mbona tumbo halijavimba? Na wewe mwenye fingo, kwea basi, tukuone. Mwenyewe hadhuriki."

Yule mtu akatazama shina. Hakujua hata pa kuweka mguu. Buti lilimteleza mara moja, akarudi nyuma, na hapo watu wakacheka. Kicheko kile sikukipenda, kilikuwa na meno. Kilipokwisha bibi akainua mchi.

Mwenye koti la kaki alitoroka kupitia vichakani. Mmoja wa wenzake hakutoroka. Aliishi, lakini mguu haukurudi tena kuwa mguu. Sikumhurumia siku ile, na leo simhurumii. Kama alikuwa mmoja wa wale wanne sijui. Sikuuliza.

Makuti yalikatwa mchana huo, kila mtu akikata ya mwenzake, maana hakuna aliyetaka kukata yake mwenyewe. Baadaye tanuri letu lilichomwa, nikalijenga upya. Lori halikuja tena kwetu. Lilikwenda kula wengine upande wa Msambweni, nikasikia. Hayakuisha kama vitabuni.

Kusoma nilijifunza baadaye kwa vitabu vya kaka, herufi kwa herufi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo nyumbani. Nilipoweza kuvisoma vyote nilitafuta mahali ambapo yule mtu anamwita mwenzake, hata mara moja. Hapakuwa. Wajukuu wangu wanatazama mambo hayo hayo kwenye simu, mtu mmoja anaua jeshi. Nawaacha watazame. Lakini kila mmoja nimemfundisha kupiga yowe, na anayelipiga dogo namrudisha alipige tena.

Dada zangu hawakuwa watumishi wa mtu. Waliolewa kutoka nyumbani kwa baba yao.

Leo nina haya: shamba la baba lote, na jingine nililolinunua nyuma yake. Nyumba ya mawe yenye mabati. Duka Ukunda, nimelipangisha. Ng'ombe watatu na mbuzi. Mashine ya kukamua mafuta ya nazi, iliyoharibika. Tanuri. Kamba ya miguu ya baba, siku hizi hakuna anayekwea nayo. Mchi wa bibi jirani, alioniachia alipokufa. Makaburi mawili ndani ya shamba, la baba na la kaka, yote yamejengewa. Vitabu vya kaka viko ndani ya debe, mchwa wamekula majalada. Koti nililichoma.