Siku Tano za Kulala

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Voi, na nilikuwa mwogeleaji. Watu wa kwetu milimani walicheka wakisikia hivyo, maana kwetu maji ni ya kuteka. Nilijifunza kuogelea nikisomea ualimu Mombasa. Voi nilipata ruhusa ya kufanya mazoezi katika bwawa la hoteli moja, jioni, wageni wakishatoka majini.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, yalipangwa mashindano mawili ya watu wazima yaliyofuatana: Jumamosi Mombasa, Jumamosi ya pili yake Nairobi. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mombasa nilishika nafasi ya pili katika mita mia mbili, lakini nilipotoka majini mabega yaliniwaka hata nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Mwenzangu ndiye aliyenifungia. Mkufunzi wetu, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, aliniangalia.

"Mwalimu, wewe si msichana tena," akasema. "Mwili wako haurudi upesi. Siku tano usiguse maji. Kula, lala. Usibebe hata ndoo."

Chumba changu Voi kilikuwa karibu na stesheni, na mabehewa hayakuniacha nilale. Basi Jumapili nikapanda milimani kwa mama, aliyekuwa mjane akiishi peke yake. Nilimkuta amekonda. Nikajiambia ni uzee na kazi ya shamba.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Siumwi, mama. Nimechoka tu. Nimeambiwa nilale."

"Basi lala."

Hakuuliza zaidi. Alinitandikia kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka jikoni. Nilikataa kidogo, kisha nikakubali. Jumatatu na Jumanne nililala mchana kutwa kama mgonjwa. Aliniletea uji, akaniletea kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe mengi. Nilimsikia akirudi kutoka kijitoni, akitua ndoo mlangoni, halafu kimya kirefu kabla hajaingia. Nilikuwa macho. Nilihesabu pumzi zangu, nikipima kama mabega yamepoa, nikajigeuza upande wa pili.

Jumatano niliamka mwepesi. Kwa mara ya kwanza niliweza kuinua mikono juu ya kichwa bila kuuma meno. Nikatoka nje kumwonyesha mama, hayupo. Nilimkuta kwenye njia ya kijitoni, amekaa chini, ndoo imepinduka, maji yote yamemwagika. Nilipomshika makwapani kumwinua, hakuwa na uzito wowote.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Pasaka. Nilikwenda hospitali. Wakasema tumboni kuna uvimbe, wakaniambia nirudi nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Na wewe ulikuja umechoka."

Maharagwe yalikuwa yamekauka shambani na ukungu ulikuwa umeanza kuyaozesha. Kumbe hakuwa na nguvu za kuyavuna, naye aliona haya kuomba majirani wakati binti yake mzima yuko ndani. Jumatano hiyo na Alhamisi niling'oa, nikabeba, nikapura. Nilichota maji hata mitungi isiyohitajika nikaijaza. Mabega yalirudi kuwaka, na sikujali.

Ijumaa nilisema siendi Nairobi. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alikuwa amekuja kukaa naye. Mama akanikazia macho.

"Nenda. Sasa ulilala kwa ajili gani?"

Nikaenda. Sijui kama nilimtii au nilimkimbia. Mita mia za kwanza nilikuwa wa tatu, kisha mikono ikakataa kabisa. Nilimaliza wa mwisho, wenzangu wakiwa wameshajifuta. Mkufunzi alinipa taulo.

"Ulipumzika?"

"Siku mbili."

"Nilikwambia tano."

Sikumweleza. Angenionea huruma, na huruma hiyo sikuistahili.

Mama aliishi mpaka mwezi wa kumi. Niliomba likizo, nikamuuguza majuma sita, na hakuna siku hata moja aliyoonekana kupata nafuu. Mwaka uliofuata nilijaribu kurudi majini. Nilikuwa nikifika mita hamsini nashika ukingo wa bwawa, si kwa uchovu, bali kwa kukosa sababu ya kugeuka. Nikaacha.

Baada ya matanga shangazi aliniambia kwamba ile Jumamosi niliyokuwa Nairobi mama alishinda akiuliza jambo moja: maji ninayoogelea yana kina gani, na nikizama kuna mtu wa kunitoa? Shangazi hakujua. Miaka yote niliyoogelea, sikuwahi kumweleza mama.