Chumba cha Mbele

Walimwita Fundi Sweta, na jina lilimfaa. Alifuma akiwa anapika, alifuma akiwa anabishana na mumewe, alifuma amesimama kwenye foleni ya maji, sindano moja ameibana kwapani na donge la uzi linachezacheza ndani ya mfuko wa aproni. Ukimsemesha anakutazama usoni, wala haangalii mikono. Vidole vilikuwa na akili zao.

Kilichomkera kilikuwa uzi. Pale kwao uzi wa sufu uliuzwa kwenye duka la vifaa vya shule, pembeni kabisa, kati ya gundi na madaftari, rangi tatu tu, na muuzaji hakujua anauza nini. Ukimwomba uzi mwembamba wa kofia ya mtoto mchanga, anakupa mnene wa kushonea magunia na kukuapia kwamba ndio huo huo. Ukiishiwa katikati ya mgongo wa sweta, ukirudi unakuta nyekundu imekuwa nyekundu nyingine. Mara ngapi amefumua kazi ya siku nne kwa sababu hiyo, huku akimtukana yule muuzaji kimoyomoyo!

Basi akawa na ndoto, na hakuona haya kuisimulia. Duka la nyuzi tupu. Rafu kutoka sakafuni hadi darini, rangi zimepangwa kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, sindano za kila unene ndani ya mikebe, na benchi karibu na dirisha, ili mwanamke aliyekwama kwenye kola akae afundishwe bila kuulizwa atanunua nini.

Na chumba alishakiona. Nyumba ya wazazi wa mumewe ilikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara. Zamani baba mkwe alikuwa akishonea viatu humo, na tangu afariki kilikuwa kimejaa viti vibovu na makopo ya rangi. Nyumba ilikuwa mikononi mwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mtu wa suti na sauti nzito, ambaye akiingia mahali hata walioketi vizuri hujiweka sawa.

Mama mkwe alipopatwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukalala. Familia ikakaa kikao. Wifi, dada mtu, akasema yeye mgongo wake haumruhusu kuinua mtu. Mke wa shemeji akasema kazini hawampi ruhusa. Macho yote yakageukia kwa Fundi Sweta.

"Wewe kazi yako ni ya kukaa," wifi akasema. "Unaweza kuifanyia popote."

Fundi Sweta akaanza kuhesabu upya vishono vyake. Shemeji akaona anasita, akainuka na kumwekea mkono begani mbele ya wote.

"Shemeji, mwangalie mama. Chumba cha mbele kinakungoja. Mambo yakitulia, funguo ni zako."

Akahamia pale na mumewe, akakaa miaka saba.

Alijifunza kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, kumlisha kwa kijiko kwenye pembe ya mdomo iliyobaki nzima, kujua kwa pumzi tu kwamba shuka limelowa. Bibi yule mwili ulikuwa umemtupa, lakini ulimi ulikuwa ule ule. Wanawe walipokuja Jumapili, wakasimama mlangoni kama wageni, yeye alisema, "Ingieni, siumi. Meno yenyewe yamebaki matatu."

Wale wawili wakazoeana kuliko mama na mwana. Mama mkwe ndiye aliyechagua rangi. "Leo tia kijani," husema. "Ile ya majani machanga. Jana ulifuma rangi ya matope, nikaota nimezama." Kila sweta lililouzwa lilizaa donge moja au mawili ya akiba. Fundi Sweta aliyaweka kwenye magunia chini ya kitanda cha mgonjwa, kila rangi na gunia lake, kwa sababu chumba kile ndicho pekee kisichovuja. Wageni wakija, bibi huwaambia, "Msinitikise. Nimelalia duka la watu."

Siku moja, wakati anachanwa nywele, bibi akasema, "Nikifa usingoje machozi yakauke. Kesho yake mwombe shemeji yako funguo."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu nimemzaa mimi. Ana maneno matamu, lakini mkono wake mgumu kufunguka."

Alikufa asubuhi, Fundi Sweta akiwa ameunyoosha mkono wa bibi juu ya blanketi apime nao mkono wa sweta la baridi. Alihisi vidole vya bibi vinaacha kumsaidia. Alikaa ameushika mkono ule mpaka chai aliyokuwa amemwekea ikapoa, ndipo akaita watu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, alikuwa uani anasugua godoro la marehemu. Aliporudi ndani, alikuta wifi na jamaa wengine wameshagawana vitu vya marehemu. Kabati tupu. Akainama kutazama chini ya kitanda. Sakafu ilikuwa nyeupe.

"Magunia yangu yako wapi?"

"Magunia gani?" wifi akauliza. "Ule uzi? Si wa marehemu? Ulikuwa chini ya kitanda chake."

"Ni wangu, wifi. Na unajua ni wangu."

"Basi ungeuweka chumbani kwako. Watu wameshaondoka na mizigo yao. Nizunguke nyumba kwa nyumba nadai nyuzi siku ya msiba? Tutachekwa."

Fundi Sweta akamgeukia mumewe. Mume alikuwa anakagua kiatu chake, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Alijiambia uzi hununuliwa, chumba ndicho kazi. Akamwomba shemeji funguo, shemeji akasema kwa upole, "Subiri kwanza kisafishwe." Na kweli, wiki iliyofuata viti vibovu vikatolewa na fundi rangi akaja na ngazi yake. Fundi Sweta alisimama mlangoni roho ikimdunda kwa furaha. Akamwambia fundi yule, "Huu ukuta wa nyuma uache mweupe, rangi za nyuzi zionekane."

Fundi rangi akamtazama kutoka juu ya ngazi. "Mama, nimeambiwa bluu chumba kizima. Anayehamia ni muuza simu. Kwani wewe hukuambiwa?"

Akatoka pale pale na aproni yake mpaka nyumbani kwa shemeji, akamkuta anasoma gazeti.

"Shemeji, uliniahidi."

"Nilisema mambo yakitulia. Paa linavuja, nyumba inataka matengenezo. Huko ndiko kutulia?"

"Ulisema mbele ya watu wote."

"Na wewe, shemeji! Maneno ya kumtia mtu moyo kwenye kikao unayageuza mkataba?" Akakunja gazeti. "Tena umekaa kwangu bure miaka saba. Nani amewahi kukugongea mlango?"

Neno lile *bure* lilimtosha. Aliondoka bila kuaga. Njia ya kurudi ilipita kwa wifi, na nyuma ya uzio aliona bustani ya nyanya, kila shina limefungwa kwenye kijiti kwa uzi wa sufu wa kijani, rangi ya majani machanga. Fundo baada ya fundo, umekatwa vipande vipande.

Jioni alimwambia mumewe, "Kaseme naye."

"Ni kaka yangu. Unataka nimkwide shati?"

"Nataka ufungue mdomo."

"Nikiufungua, tutalala wapi?"

Alitafuta pa kulala mwenyewe: chumba kimoja cha kupanga, choo cha pamoja. Mume akamfuata na begi lake, amenuna. Akapata kazi kwenye karakana ya sare za shule, ambako mashine hufuma mwili wa sweta na wanawake hukaa kwenye safu wakiunganisha kola. Uzi ulikuwa wa kijivu, kutwa kijivu. Mwezi wa kwanza msimamizi alimrudishia kazi yake. "Unafanya vizuri mno," akasema. "Fanya haraka."

Mwaka wa pili wifi alimsubiri getini wakati wa chakula cha mchana, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Kaka yao ameanguka. Kiharusi, upande wa kulia, kama mama.

"Mkewe hawezi, na mimi mgongo unaujua," akasema. "Wewe mikono imezoea."

"Tafuteni mtu mumlipe."

"Mtu wa kulipwa atamshika kama ndugu?"

"Mimi nilimshika mama yenu bure. Kaka yako alisema hivyo mwenyewe."

"Anaumwa, dada! Analia kama mtoto. Una moyo gani wewe?"

"Muulize yule wa simu. Ndiye aliyepewa funguo."

Wifi alisonya, akaenda kumtangaza kila alikopita. Mume alianza kwenda kumuuguza kaka yake kila Jumapili, kisha akawa analala huko, kisha siku moja akaja kuchukua begi.

Fundi Sweta alikuwa amedhani siku akipata nafasi ya kukataa, kifua kitakuwa chepesi. Hakikuwa. Alichoona ni kwamba mtu pekee ambaye angecheka naye juu ya jambo lile alikuwa kaburini. Na alijua pia, ingawa hakumwambia mtu, kwamba mama mkwe asingecheka. Angemwomba akamgeuze mwanawe asipate vidonda.

Siku hizi hafumi kwa mkono. Juzi msichana wa safu ya pili, tumbo limeanza kuonekana, alimsogelea akiwa anapanga kola.

"Nasikia zamani ulikuwa unafuma kofia za watoto. Nataka kujaribu mwenyewe. Nitapata wapi uzi mzuri?"

"Hakuna," Fundi Sweta akamjibu, akavuta kola nyingine.